Darubini ya bunduki inapokusumbua porini: dalili, chanzo na dawa yake

Anayenunua darubini ya bunduki kwa mara ya kwanza huuliza kwanza inavuta mara ngapi. Akiambiwa mara 12 anafurahi, akiambiwa mara 24 anafurahi zaidi, na muuzaji hana sababu ya kumzuia. Kisha msimu wa kuwinda unafunguliwa 1 Julai, anaingia kitalu cha uwindaji Rungwa au Kilombero hapa Tanzania, nyasi bado ndefu. Pofu anasimama mita 60 mbele yake kwa sekunde chache, na yeye ndani ya ile darubini ya bei mbaya haoni kitu ila rangi ya majani.

Kazi yangu ni kuandaa bunduki za wageni na za wenyeji kabla hazijaingia porini, na msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninakoegemea. Darubini ikiwa na namba mbili za kuvuta, namba ndogo ndiyo yenye kazi kubwa. Malalamiko mengi ninayoletewa chanzo chake ni ukuzaji uliopitiliza au ufungaji mbovu. Mtu aliyekosa mnyama kwa sababu darubini yake haikuvuta vya kutosha ni nadra sana kumwona.

Jambo hili si la kujifurahisha. Mnyama akijeruhiwa akapotea huhesabiwa kwenye leseni kama aliyeuawa, lakini hilo ni la fedha tu. Mnyama mwenyewe anaweza kuteseka siku kadhaa. Na akiwa nyati, hujificha kichakani akimsubiri anayefuata nyayo zake, na anayetangulia kwenye nyayo hizo ni kijana wa kijiji cha jirani aliyeajiriwa kwa msimu. Ndiyo maana naona aibu mtu anapopiga risasi bila kujua darubini yake inafanya nini.

Kwanza tukubaliane namba zinavyosomwa. Darubini iliyoandikwa 3-9x40 inavuta kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Iliyoandikwa 6x42 inavuta mara 6 tu, haibadiliki. Bomba la katikati, lile linalobanwa na pete, kwa kawaida huwa la milimita 25.4 au 30, na pete za moja haziingii kwenye jingine hata zikilazimishwa. Nimeona pete za milimita 30 zikiwekewa mpira wa tairi ya baiskeli ili zibane bomba la 25.4. Bunduki ile haikupiga sehemu moja mara mbili.

Unainua bunduki, unaona nyasi tu

Hii ndiyo dalili inayokosesha wanyama wengi kuliko zote. Kwa macho unamwona mnyama vizuri, umesimama, mikongojo ya kuegemezea bunduki iko tayari, bunduki iko begani, halafu ndani ya darubini hayupo. Unasogeza mtutu kushoto, kulia, unapata shina la mti, unapata kichuguu. Ukija kumpata, ameshageuka.

Chanzo ni upana wa eneo linaloonekana. Darubini ya 3-9x40 ya kawaida, ikiwekwa kwenye mara 3, huonyesha upana wa mita 11 hivi kwa umbali wa mita 100. Ikiwekwa kwenye mara 9, upana huo unashuka hadi mita 4 na nusu. Sasa lete hesabu hiyo karibu, maana msituni ndiko tunakowindia. Kwa mita 30, mara 9 inakuonyesha mita moja na theluthi tu. Nyati dume ana urefu wa mwili unaopita mita 2. Kwa hiyo unachokiona ni ngozi nyeusi tupu inayojaza lenzi nzima, na huna namna ya kujua kama ni bega, ni tumbo au ni paja. Mtu anafyatua akidhani amelenga bega, kumbe risasi imekwenda kwenye utumbo.

Dawa ya haraka haina gharama: tembea na darubini ikiwa kwenye namba yake ndogo, kila wakati, bila kubadilisha. Mnyama akiwa mbali, karibu kila mara utapata nafasi ya kuzungusha pete ya ukuzaji na kuvuta. Akiwa karibu hutapata nafasi ya kupunguza. Wafuata nyayo wazoefu humkumbusha mgeni jambo hili kwa ishara ya mkono kabla ya kuingia kichakani, na mgeni asiyetaka kusikia huishia kulaumu upepo.

Kama hata kwenye namba ndogo bado humpati mnyama, tazama namba hiyo ni ngapi. Darubini za 6-24 zimetengenezwa kwa ajili ya kulenga shabaha za mbali ukiwa umelala chini. Namba yake ndogo ni 6, na kwa uwindaji wa miguu kwenye misitu ya miombo hiyo ni kubwa mno. Kwa nyati na wanyama wa vichakani kama pongo, darubini ya 1-4x24 au 1-6x24 ndiyo mahali pake. Ikiwa kwenye mara 1 unalenga macho yote mawili yakiwa wazi, na upana wake unapita mita 30 kwa mita 100. Kwa mtu mwenye bunduki moja ya kuwindia kila kitu, kongoni, swala pala, ngiri, tandala na mara mojamoja pofu, namshauri 2-7 au 3-9, na nitamshauri hivyo hata akiwa na fedha za kununua tatu.

Sababu ya mwisho iko begani. Bunduki isiyokukaa vizuri hukulazimisha kutafuta jicho la darubini kwa kunyoosha shingo. Fanya zoezi hili nyumbani, bunduki ikiwa tupu na umehakikisha mara mbili kwamba ni tupu: tazama kitu ukutani, fumba macho, inua bunduki begani, fumbua. Ukikuta picha imejaa na kitu chako kimo ndani, bunduki inakufaa. Ukikuta giza au dari, tatizo ni urefu wa kitako au kimo cha pete, na hilo ni la fundi.

Msalaba hautulii

Unalenga bega, msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unazunguka kuanzia shingoni hadi kwenye mbavu. Wengi wanadhani mikono yao imekuwa mibovu ghafla. Mikono ni ileile ya jana. Darubini inayovuta mara 12 inavuta na mtetemo mara 12, pamoja na pumzi zako na mapigo ya moyo baada ya kupanda kilima. Ukiuona mtetemo huo unaanza kumvizia mnyama kwa kidole, unasubiri msalaba upite mahali pazuri ndipo uvute triga kwa nguvu. Hapo risasi hutoka nje ya mahali ulipokusudia.

Punguza ukuzaji hadi mara 4 au 5, weka bunduki kwenye mikongojo ya miguu mitatu, pumua mara mbili. Mtetemo bado upo ila hauuoni, na kidole kinatulia. Kwa mita 100 hadi 150, ambako wanyama wengi wa miombo hupigwa, mara 4 inatosha kabisa kuweka risasi nyuma ya bega la kongoni.

Kuna mtikisiko mwingine usiotoka kwako. Kuanzia Septemba, majani yakiwa yameungua na ardhi imekauka, kwenye mbuga za wazi kama Longido au Simanjiro hewa ya mchana huchemka juu ya ardhi. Ndani ya darubini swala granti aliye mita 250 anaonekana akiyeyuka na kurudi. Hayo ni mazigazi. Ukiongeza ukuzaji unakuza na mazigazi, kwa hiyo picha inazidi kuharibika. Hapo hakuna darubini ya kununua. Punguza, sogea karibu, au subiri jua lipungue.

Jioni picha inakuwa nyeusi

Mchana darubini ni safi, jioni jua likishazama haionyeshi kitu, wakati kwa macho matupu bado unamwona mnyama. Kabla hujalaumu kioo, gawanya. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, gawa kwa ukuzaji uliouweka. Jibu ni upana wa mwale wa nuru unaotoka nyuma ya darubini kuingia kwenye jicho. Kwa 3-9x40 iliyo kwenye mara 9 unapata milimita 4.4. Ukiishusha hadi mara 5 unapata milimita 8. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na ya mtu aliyepita miaka 50 mara nyingi hufikia 5 au pungufu. Kwa hiyo kwenye mara 9 jicho lako linanyimwa nuru, na kwenye mara 5 linapata yote linayoweza kuipokea. Kuzungusha pete tu kumeongeza dakika za kuwinda bila kununua chochote.

Wauzaji hapa huleta hoja ya lenzi kubwa ya milimita 56. Nawaheshimu Wajerumani waliozoea 8x56, kwa sababu wao huvizia nguruwe mwitu kwa mwanga wa mbalamwezi, na 56 ukiigawa kwa 8 unapata ile 7 kamili. Lakini sisi tuko karibu na ikweta. Jua likizama, giza kamili linaingia ndani ya dakika 20 na kitu, na kwetu usiku hairuhusiwi kuwinda. Kwa hizo dakika chache unabeba lenzi nzito inayodai pete ndefu, pete ndefu zinainua darubini, darubini ikiinuka shavu linaachana na kitako, na tunarudi kwenye tatizo la kwanza la kutafuta picha kwa shingo.

Pekee ninapoikubali lenzi kubwa kidogo ni kwa chui. Chui huviziwa kibandani, chambo kikiwa mtini mita 50 hadi 70, naye hupenda kuja nuru ikiwa inakwisha. Hapo 6x42, ambayo nayo inatoa milimita 7, au 2.5-10x50 iliyowekwa kwenye mara 6, inafanya kazi nzuri.

Kama umeshapunguza ukuzaji na bado picha ni ya kijivu, basi sasa lawama ni ya kioo. Darubini za bei ya chini hupunguza gharama kwenye utando wa lenzi, ule unaozuia nuru isirudi nyuma. Dukani chini ya taa kali hutaona tofauti yoyote kati ya nzuri na mbaya. Omba utoke nayo nje jioni, utazame ndani ya kivuli cha mti, siyo ukuta wenye jua.

Kivuli cheusi pembeni, au nyusi kupasuka

Haya ni mawili lakini chanzo ni kimoja, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Ukiwa mbali mno unaona picha ndogo yenye duara jeusi. Ukiwa karibu mno unaona kivuli pia, na bunduki ikipiga teke ukingo wa darubini unakuja kwenye nyusi. Wawindaji wengi wana alama ya nusu mwezi juu ya jicho la kulengea, na wengine huionyesha kwa fahari. Mimi naiona ni alama ya bunduki iliyofungwa vibaya. Zaidi ya jeraha, aliyewahi kupigwa hivyo huanza kufumba jicho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuiondoa.

Fungua pete kidogo, weka ukuzaji kwenye namba kubwa, kwa sababu hapo ndipo umbali wa jicho unapokuwa hausameheki, vaa nguo utakayovaa porini, fanya lile zoezi la kufumba na kufumbua. Sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae bila kunyoosha shingo. Kisha jaribu ukiwa umekaa na ukiwa umelala, maana kichwa husogea mbele.

Kwa bunduki ya .375 H&H, ile kaliba ya mwaka 1912 ambayo hadi leo ndiyo inayobebwa zaidi kwa nyati, usikubali darubini inayotaka jicho liwe chini ya sentimita 9. Sentimita 10 ni bora. Darubini ya bunduki ndogo ya .22 au ya bunduki ya upepo usiipandishe juu ya .375 hata kwa majaribio. Umbali wake wa jicho ni mfupi, na vilivyomo ndani havikutengenezwa kuhimili teke hilo.

Jana ilipiga sawa, leo inapiga kwingine

Hapa ndipo watu hupoteza risasi nyingi, kwa sababu wanakimbilia vifundo vya kurekebishia kabla ya kujua kilichohama. Acha vifundo. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tatu kwenye karatasi mita 100, ukisubiri mtutu upoe kati ya moja na nyingine. Kisha soma karatasi.

Ikiwa matundu matatu yamekaa pamoja lakini mbali na kitovu, bunduki na darubini bado vinashikana, ila kuna kitu kimebadilika. Uliza kwanza risasi. Boksi jipya la kampuni nyingine, au la kampuni hiyohiyo lenye kichwa cha uzito tofauti, linaweza kuhamisha matundu kwa sentimita kadhaa, na hilo si kosa la darubini. Kama risasi ni zilezile, basi darubini imegongwa: begi limetupwa uwanja wa ndege, au bunduki imelazwa vibaya kwenye gari. Rekebisha, piga tatu nyingine, na zikikaa kitovuni umemaliza. Kambi zote zinazoheshimu kazi yao humpeleka mgeni kwenye karatasi siku ya kwanza kabla ya kitu kingine, hata akisema bunduki yake ilipimwa wiki iliyopita kwao.

Ikiwa matundu yametawanyika, moja juu, moja kulia, moja nje ya karatasi, hapo kuna kitu kilicholegea, na kurekebisha vifundo ni kufukuza upepo. Anza chini kwenda juu. Kaza skurubu mbili zinazoshika chuma cha bunduki kwenye ubao. Kisha skurubu za reli, zile zilizo chini ya pete, ambazo watu husahau kwa sababu zimefichika. Kisha pete zenyewe. Barabara ya saa kumi au kumi na mbili za makorongo inatosha kulegeza skurubu ambayo ilikazwa kwa mkono tu. Watengenezaji wengi wa pete huelekeza nguvu ya kukazia ya kati ya newtoni-mita (Nm) 1.7 na 2.5. Fuata karatasi iliyokuja na pete zako, na tumia bisibisi yenye kipimo, maana kukaza kupita kiasi kunabonyeza bomba na kuharibu mitambo ya ndani. Chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kwenye pete hadi kwenye bomba. Mstari ukikatika baada ya risasi chache, darubini inateleza ndani ya pete.

Skurubu zote zikiwa sawa, pitisha karatasi kati ya mtutu na ubao, kuanzia mbele ukirudi nyuma. Kwenye bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, ikikwama, ubao umevimba au umepinda na unausukuma mtutu kila unapopata moto. Bunduki za ubao zilizokaa mvua za masika huja na ugonjwa huu.

Halafu kuna mpigaji. Mwombe mwenzako akujazie bunduki bila wewe kuona, mara nyingine akiweka risasi ya mazoezi isiyo na baruti. Mtutu ukizama wakati wa kufyatua risasi isiyolia, tatizo limepatikana, nalo si la kioo. Dawa yake ni kurudi kwenye kaliba ndogo kwa muda.

Mpaka hapo kama bado, funga darubini nyingine unayoijua kuwa nzima. Matundu yakikusanyika, ile ya kwanza imekufa ndani. Irudishe kwa mtengenezaji, usiifungue mwenyewe, maana hewa kavu iliyojazwa kiwandani ikitoka hairudi.

Wenye pete za kufungua haraka wana kipimo kimoja cha ziada: piga tatu, toa darubini, irudishe, piga tatu nyingine. Vikundi viwili visipokaa pamoja, pete hizo hazifai. Zikikaa, unayo faida kubwa, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani darubini inatolewa na kazi inabaki kwa kilengeo cha chuma.

Nazungusha kifundo, risasi haiendi ninakotaka

Soma kilichochongwa juu ya kifundo. MOA na MRAD ni vipimo viwili tofauti vya pembe. Ukikuta MOA na 1/4, kila kliki, yaani kila mlio mmoja wa kifundo, inahamisha tundu kwa milimita 7 hivi kwenye mita 100. Ukikuta MRAD na 0.1, kila kliki ni milimita 10. Bunduki inayopiga sentimita 14 chini inahitaji kliki 20 hivi kwa ya kwanza na kliki 14 kwa ya pili. Anayechanganya hizi mbili huzunguka kitovu siku nzima. Kosa jingine ni kupimia mita 25 kisha kutumia hesabu ya mita 100: kwa mita 25 kliki hiyohiyo inahamisha robo tu, kwa hiyo zinahitajika mara nne.

Ukishajua kliki na bado hazitii, fanya mzunguko wa mraba. Piga risasi, panda kliki 20, piga, nenda kulia 20, piga, shuka 20, piga, rudi kushoto 20, piga. Risasi ya tano inapaswa kutua juu ya ya kwanza. Isipotua, mitambo ya ndani imechoka. Darubini ya namna hiyo inaweza kutumika ukishaipima mara moja na kuiacha, ila mimi siwezi kumshauri mtu aibebe kwenda kwa mnyama wa hatari.

Mita 100 sawa, mita 250 chini

Hapa darubini haina kosa lolote, ardhi inavuta risasi. Bunduki ya .30-06 yenye kichwa cha risasi cha uzito wa greni 180, ikipimwa mita 100, hushuka sentimita 12 hivi ikifika mita 200, na karibu nusu mita ikifika 300. Ukiipima mita 200, itapiga sentimita 6 hivi juu kwa mita 100, na kwa 300 itakuwa chini kwa sentimita 25 hadi 30. Kwa mbuga za wazi kipimo hicho cha pili kinafaa zaidi, kwa sababu hadi mita 200 na kidogo unalenga unapotaka kupiga bila kufikiri. Kwa .375 ya msituni baki na mita 100, au hata 50.

Wenye msalaba ulio na vistari vya kushuka wajue jambo moja ambalo karatasi ya maelezo hulitaja kwa herufi ndogo. Kwenye darubini nyingi za kuwindia, msalaba hubaki ukubwa uleule unapovuta picha. Vistari hivyo ni vya kweli kwenye namba moja tu, kwa kawaida ile kubwa. Ukiwa kwenye mara 9 kistari kikasema mita 300, ukishuka hadi mara 4.5 kistari hichohicho kinamaanisha mshuko mara mbili. Risasi itapita juu ya mgongo. Zipo darubini ambazo msalaba hukua pamoja na picha, na vistari vyake ni vya kweli kila namba, lakini kwenye namba ndogo msalaba wake huwa mwembamba kiasi cha kupotea kichakani. Kwa miombo nachagua ya kwanza.

Risasi ikienda kushoto au kulia kadiri umbali unavyoongezeka na hakuna upepo, angalia kama msalaba umefungwa ukiwa umeinama. Ning'iniza uzi wenye jiwe mita 50 mbele, bunduki ikiwa wima, ulinganishe mstari wa kusimama na uzi.

Msalaba wenyewe hauonekani vizuri

Ukiwa na ukungu machoni kila unapotazama, elekeza darubini kwenye anga tupu, siyo kwenye jua kamwe, na uzungushe pete ya jicho iliyo nyuma kabisa mpaka msalaba uwe mkali. Tazama kwa sekunde mbili tatu, pumzisha jicho, tazama tena, kwa sababu jicho hujirekebisha lenyewe na kukudanganya. Pete hiyo ni ya jicho lako. Bunduki ikiazimwa na mwingine akaizungusha pete, irudishe mahali pake.

Msalaba mwembamba mweusi ukipotea juu ya nyati mweusi aliye kivulini, hiyo ni kasoro ya uchaguzi. Tafuta msalaba wenye miguu minene na kati nyembamba, au wenye nukta ndogo inayowaka katikati. Nukta iwashwe kwa nguvu ndogo, maana ikiwaka sana jioni inaziba mnyama.

Na ukiona msalaba unahama juu ya shabaha unaposogeza kichwa, wakati bunduki haijasogea, usihangaike sana. Darubini za kuwindia kwa kawaida hurekebishwa kiwandani ili hilo lisitokee karibu na mita 100. Kwa umbali wetu kosa lake ni dogo ukiweka jicho katikati. Lakini kama yako ina kifundo cha pembeni cha kulisahihisha, hakikisha hakijaachwa kwenye namba ya ajabu.

Ukungu na kuvu

Ukungu nje ya lenzi alfajiri ni wa kawaida. Usiipulizie pumzi. Iache izoee hewa, ifute kwa kitambaa cha lenzi baada ya kupeperusha vumbi kwanza, kwa sababu vumbi la Julai ni mchanga na linachora utando. Ukungu ndani ya darubini ni habari nyingine: muhuri umepasuka na hakuna dawa ya nyumbani. Kampuni ya Leupold ya Oregon, Marekani, yenyewe husimulia kwamba ilianza kutengeneza darubini, ya kwanza ikitoka mwaka 1947, baada ya Marcus Leupold kumkosa paa kwa sababu ya darubini iliyoingia ukungu. Leo darubini yoyote ya maana hujazwa naitrojeni au agoni ili kusiwe na unyevu ndani. Isiyoandikwa hivyo kwenye kasha, iache.

Wanaoishi Tanga, Dar es Salaam au Lindi wana adui wa ziada. Hewa ya pwani huotesha kuvu kwenye lenzi, nyuzi nyembamba kama za buibui unazoziona ukitazama kwa nyuma dhidi ya nuru. Kuvu ikishashika, inakula utando. Usihifadhi darubini kwenye mkoba wa ngozi wala sifongo uliofungwa. Iweke kwenye chombo kikavu chenye vifuko vya kunyonya unyevu, na vifuko hivyo vikaushwe au vibadilishwe kila baada ya miezi michache. Kama bunduki inakaa kwenye kabati la chuma kwa mujibu wa leseni yako, vifuko viingie humo humo, na kabati lifunguliwe lipate hewa hata nje ya msimu.